Mguu wa Bi Mwanamkasi

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo ni pakawa ya watu wenye usingizi. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni. Wewe Chausiku, simama kwanza. Mkeka huu ni wa mama yako, na miguu hiyo umeitoa wapi? Kanawe. Tutakusubiri. Na nyinyi wakubwa msicheke, maana wapo humu waliovaa soksi ili tusiyaone magaga yao. Nawajua. Nimenyamaza tu.

Umerudi? Umejikausha? Katikati ya vidole pia? Vizuri, kaa. Hadithi yenyewe ni ya miguu.

Hapo zamani za kale, wanyama wote walipokuwa wakisema lugha moja, kila mnyama alikuwa na chake cha kujisifia. Simba alijisifia manyoya. Twiga alijisifia shingo. Pundamilia alijisifia mistari. Kanga naye, na udogo wake wote, alijisifia madoa. Asubuhi mimi, mchana mimi, jioni mimi. Lakini miguu? Hakuna aliyeitaja. Miguu iko chini huko, nani ainame kuitazama?

Tembo ndio waliojua.

Tembo husikia kwa masikio, halafu husikia tena kwa miguu. Mvua ikinyesha mbali, mbali kabisa, nyuma ya vilima, mahali ambapo jicho halioni hata kipande cha wingu, ngurumo yake hupita chini ya ardhi. Ndu... ndu... ndu... Twiga hasikii, na shingo yake yote. Tembo husimama. Hukanyaga chini kwa miguu miwili ya mbele. Hutulia tuli. Ngurumo hupanda kwenye nyayo zake. Mguu mmoja humwambia kwamba mvua ipo. Miguu miwili humwambia mvua iko upande gani.

Na katika tembo wote wa nyika ile, hakuna aliyesikia kama Bi Mwanamkasi.

Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi. Tembo jike, mpana, mwenye masikio yaliyochanika pembeni na sauti ya kwikwi anapocheka. Mimi ningekuwa tembo, ningependa kuwa yeye. Kiangazi kikija, wengine wote walikuwa wakihangaika. Yeye alisimama, akafumba macho, akakanyaga. Kimya. Halafu akasema, "Huku." Basi. Wakaenda huko, wakakuta maji. Kila mwaka, kila kiangazi. Hata swala na nyati walikuwa wakilifuata kundi lake kwa nyuma, wakijifanya wanapita tu.

Sasa, mnadhani alizaliwa hivyo? Aka! Nyayo zile zilitunzwa. Na alizitunza za kundi zima.

Kila jioni, jua likianza kulegea, Bi Mwanamkasi aliwapeleka mtoni. Chwa, chwa, chwa, wakaingia majini. Wakasuguana miguu kwa mafungu ya nyasi, juu, chini, na kwenye mianya ya kucha, palipojificha tope. Halafu wakatoka, wakapanda kwenye mchanga mkavu, wakasimama hapo mpaka miguu ikakauka. Si kukauka juu juu. Kukauka hasa. Mwenye kucha ndefu akapelekwa kwenye jiwe, akasugua, kwaru, kwaru, mpaka zikawa sawa. Kisha wakajipanga.

Bi Mwanamkasi akapita mbele yao, akaita:

"Mguu!"

Wakajibu wote:

"Huu hapa!"

Kila mmoja akainua mguu wake. Bi Mwanamkasi akainama, akautazama wayo, akaupapasa kwa mkonga, akaunusa. Akaona mwiba, akautoa. Akaona ufa, akaupaka tope safi. Akaona kidonda, akakiosha, na mwenye kidonda hakuruhusiwa kutembea mbali mpaka kipone. Hakumgombeza mtu. Alichogombeza ni kuficha. "Kidonda si aibu," aliwaambia. "Kila mwenye mguu atakanyaga mwiba siku moja. Nionyeshe mapema, tuutoe pamoja, twende zetu."

Maneno mazuri hayo. Yashikeni.

"Mguu!"

"Huu hapa!"

"Mguu!"

"Huu hapa!"

Mpaka wa mwisho. Halafu wakalala.

Haya, mmoja wenu aniulize swali. Hakuna? Mmekaa tu mnanitumbulia macho. Mguu wa Bi Mwanamkasi mwenyewe, nani aliukagua?

Hakuna.

Ndiyo, hakuna. Ndiyo ilivyokuwa desturi yao. Mdogo humwinulia mguu mkubwa. Mkubwa hamwinulii mdogo. Kumwambia mkubwa "inua mguu nikuone" ilikuwa kumvunjia heshima mbele za watu, na kwa mkubwa kuinua ilikuwa kujishusha. Hivyo ndivyo walivyofundishwa na mama zao, na mama zao na mama zao. Bi Mwanamkasi alikuwa akijiosha mwenyewe, akijipapasa mwenyewe. Lakini jamani, tembo ataona vipi wayo wake mwenyewe? Shingo haifiki.

Ukaja mwaka mmoja mbaya. Jua likawaka. Nyasi zikawa makapi. Mto ukapungua, ukapungua, ukabaki mchanga. Bi Mwanamkasi akashuka mtoni akaanza kuchimba, maana chini ya mchanga maji yalikuwepo bado. Akachimba kwa mguu wa kushoto, kwacha, kwacha. Maji yakachuruzika kidogo. Watoto wakanywa. Mama zao wakanywa. Yeye akaendelea kuchimba, mguu kwenye tope kutwa nzima, mguu kwenye tope tena kesho yake, haukauki.

Na humo ndani ya tope kulikuwa na mwiba wa mgunga, mrefu, mweupe. Ukamwingia katikati ya kucha. Chomo!

Alisema kitu? Hakusema. Wenzake walikuwa na kiu. Jioni ilikuwa imefika na kulikuwa na nyayo za kukaguliwa. Akasema moyoni, ah, utatoka wenyewe.

Haukutoka. Ukazama. Tope likagandia juu yake. Ngozi iliyolowa muda mrefu ikalainika, ikapasuka. Mguu ukavimba. Ukaanza kunuka. Bi Mwanamkasi akawa anasimama mbali kidogo na wenzake na kuurushia vumbi. Jioni akiita "Mguu!", wa kwake ameuzika mchangani usionekane. Yeye, yeye aliyesema kidonda si aibu! Lakini namwelewa. Wote walikuwa wakimtegemea, na mwenye kutegemewa huona haya kuumwa.

Maji ya chini ya mchanga nayo yakaisha.

Kundi likamzunguka. Wakamtazama. Mke wa kaka yake, jina lake Sikudhani, alikuwa na mtoto mchanga ananyonya, na maziwa yalikuwa yameanza kukatika. Sikudhani akauliza, "Wifi, tuelekee wapi?"

Bi Mwanamkasi akasimama. Akafumba macho. Akakanyaga. Mguu wa kulia ukasikia: ndu... ndu... Mvua ipo! Mguu wa kushoto je? Kimya. Uvimbe na tope vilikuwa vimeuziba. Mvua ipo, lakini iko wapi? Akakanyaga tena, kwa nguvu, mpaka machozi yakamlenga. Kimya.

Wenzake wanangoja.

Akafumbua macho. Akasema, "Huku. Jua linakozama."

Alibahatisha! Mkubwa mzima, na roho za watu mikononi.

Wakaenda. Na swala nyuma yao, na nyati nyuma ya swala, na wanyama wengine wote nyuma ya nyati. Vumbi, puu, puu, puu. Jua juu, moto chini. Bi Mwanamkasi mbele, hachechemei, amekaza uso. Sikudhani nyuma yake, na mtoto katikati ya miguu yake. Na Sikudhani, kwa kuwa alikuwa ameinamia mtoto, macho yake yalikuwa chini. Akawa anatazama alama za nyayo za wifi yake vumbini. Wa kulia, duara zima. Ya nyuma yote miwili, maduara mazima. Wa kushoto wa mbele, kipande tu, ncha tu, umegusa ukaondoka.

Akatazama tena. Duara, duara, duara, kipande.

Akajua. Akataka kusema, akameza. Atasemaje? Yeye ni nani amwambie wifi yake mkubwa, mbele ya kundi? Wangesema ameolewa juzi, leo anataka kuwapangia. Akatembea. Duara, duara, duara, kipande.

Wakafika. Kulikuwa na bwawa hapo, ndiyo, lakini lilikuwa bwawa la zamani. Tope lake lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vipande, na juu yake mifupa ya samaki. Hata unyevu, hakuna. Swala mmoja akalamba udongo, akatema.

Mtoto wa Sikudhani akapiga magoti. Halafu akalala ubavu. Mama yake akamsukuma kwa mkonga, inuka baba, inuka. Hakuinuka.

Hapo Sikudhani aliacha kuogopa. Na mimi nasema, mwacheni mama mwenye mtoto, msimguse. Akamwendea Bi Mwanamkasi, akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Wifi," akasema, "nimetembea nyuma yako kutwa. Mguu wako wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu."

"Haukanyagi."

"Nimesema hauna kitu. Mtazame mwanao."

"Namtazama. Ndiyo sababu nakuuliza."

Kundi likaguna. Tembo mmoja akafoka, "We Sikudhani! Adabu umeiacha wapi? Unamsimamia mkubwa namna hiyo?"

Bi Mwanamkasi akatandaza masikio, akawa mkubwa mara mbili. "Katika kundi hili," akanguruma, "anayekagua miguu ni mimi."

Sikudhani hakurudi nyuma. Akainamisha kichwa kwa heshima, akanyoosha mkonga chini, akaita kwa sauti ndogo:

"Mguu."

Mguu haukuinuliwa.

"Wifi yangu, nakuomba. Mguu."

Bi Mwanamkasi akamtazama mtoto pale chini. Mbavu zake zinapanda, zinashuka. Akawatazama wenzake, mmoja mmoja, wale ambao alikuwa amewatoa miiba tangu wakiwa wadogo. Masikio yakaanguka taratibu. Uso uliokazwa ukalegea. Akainua mguu wa kushoto.

"Huu hapa," akasema.

Ehe! Hapo ndipo ninapompenda Bi Mwanamkasi. Kusikia mvua ya mbali ni kipaji, amepewa. Lakini kuinua mguu unaonuka mbele ya watu wanaokuheshimu, hilo hakupewa, alilitoa mwenyewe.

Harufu ikatoka. Mh! Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeziba pua. Sikudhani akapapasa: tope gumu kama jiwe, ngozi nyeupe iliyooza, na kitu kigumu ndani.

"Panataka kuoshwa," akasema.

"Maji yako wapi?" wakauliza.

Tembo, mnajua, huweka maji kooni. Akinywa, huhifadhi kidogo huko ndani kwa ajili ya shida. Wote walikuwa wamebakiwa na funda moja moja, la mwisho, la kuwafikisha. Sikudhani alikuwa na lake, la kumtengenezea mtoto maziwa. Akaingiza mkonga kinywani, akalivuta. Akamtazama mwanawe. Halafu, chwaa! akalimimina kwenye mguu wa wifi yake.

Bi Mwanamkasi akalia, "Usifanye hivyo!"

Lakini tembo yule aliyefoka akasogea. Naye akavuta, chwaa! Na mwingine, chwaa! Na mwingine, chwaa! Kila mmoja akatoa funda lake la mwisho. Tope likalainika, likamenyeka, likadondoka. Wakasugua polepole kwa nyasi, kwenye kila mwanya wa kucha. Kitako cha mwiba kikaonekana.

Mkonga wa tembo ni mnene, haukuweza kuushika. Mgongoni kwa nyati kulikuwa na ndege, shashi, yule mwenye mdomo mwekundu anayekula kupe. Wakamwita. Akatua, akaushika kwa mdomo, akajikita kwa miguu. Akavuta. Tiii... akavuta... tiii... Pup! Ukatoka, na usaha ukafuata, na Bi Mwanamkasi akashusha pumzi ndefu iliyopeperusha majani.

"Tayari!" akasema swala, anataka waondoke.

"Bado," akasema Sikudhani. "Haujakaushwa."

Wakaukausha. Wakaupulizia kwa mikonga, fuu, fuu, fuu, na katikati ya kucha, fuu, fuu. Wakatandika nyasi kavu, wakauweka juu yake, jua likaufikia. Wakangoja. Kiu inawauma, mtoto amelala ubavu, na wakangoja mguu ukauke. Nyinyi mnaotoka kuoga mkachomeka miguu imelowa ndani ya viatu vya plastiki, mnasikia?

Mguu haukupona siku hiyo. Asiwadanganye mtu, kidonda kina muda wake. Lakini sasa ulikuwa mtupu na mkavu. Bi Mwanamkasi akaushusha chini, wayo mzima, duara zima. Ukauma, akavumilia. Akafumba macho.

Kulia: ndu...

Kushoto: ndu... ndu... ndu...

Akafumbua macho yamejaa machozi. "Jamani," akasema, "nimewapoteza. Mvua iko jua linakochomoza. Nilipowaambia huku, sikuwa nimesikia. Nilibahatisha, nikaona haya kusema kwamba naumwa. Nisameheni. Na kama hamniamini tena, ni haki yenu."

Wakatazamana. Nani angemlaumu mtu pale kwa kugeuza mgongo? Sikudhani akaingiza mkonga chini ya tumbo la mwanawe, akamnyanyua. Yule tembo mfoka maneno akamshika upande wa pili. Sikudhani akasema, "Wifi, tangulia. Ila twende kwa mwendo wa mguu wako."

Wakageuka.

Wakaenda polepole. Puu... puu... Kila walipopumzika, Bi Mwanamkasi aliinua mguu kabla hajaambiwa, wakaukagua, wakautoa kokoto, wakauweka juani, wakaendelea. Jua likazama nyuma yao, likachomoza mbele yao. Mtoto akabebwa, akaburutwa, akasukumwa. Na ardhi ikaanza kubadilika harufu. Swala akainua pua. Nyati akainua pua. Hata twiga, yule asiyesikia kitu, akaona wingu, akapiga kelele kana kwamba ameligundua yeye.

Maji! Bonde zima limejaa, manyasi yameinama, vyura wanapiga kelele kro, kro, kro. Wakaingia na vumbi lao na kila kitu. Mtoto wa Sikudhani akatumbukizwa kinywa kwanza. Akagugumia, akapaliwa, akapiga chafya. Halafu akasimama mwenyewe. Akatafuta ziwa la mama yake, na baadaye kidogo maziwa yakaja.

Wanyama wote wakamjia Bi Mwanamkasi. Simba akamsifu, nyati akamsifu, kanga akamsifu. "Umetuokoa! Hakuna anayesikia kama wewe!"

Bi Mwanamkasi akatikisa kichwa. Akamvuta Sikudhani kwa mkonga, akamweka mbele yao.

"Mimi nilikuwa kiziwi," akasema. "Huyu alitazama nyayo zangu mavumbini akajua naumwa. Akathubutu kuniuliza. Na maziwa ya mwanawe aliyamimina kwenye kidonda changu. Msifuni huyu."

Sikudhani akaona haya, akajificha nyuma ya masikio yake.

Na tangu siku hiyo desturi ikabadilika. Ukaguzi wa jioni ukifika, mguu wa kwanza kuinuliwa ni wa mkubwa. Mkubwa kwanza, ndipo wadogo. Mpaka leo, ukimwona tembo mzee amesimama nyikani, mguu mmoja ameuinua kidogo na mwenzake amesogeza mkonga pale chini, usidhani wamechoka. Anakaguliwa huyo.

Basi, wanangu na wakubwa zangu, fundisho ni hili, na sitalizungusha. Miguu ndiyo inayokubeba. Ioshe kila siku, ikaushe mpaka katikati ya vidole, kata kucha, paka mafuta magaga, usivae kiatu cha kukubana kwa sababu ni kizuri. Geuza wayo uutazame, na usipoweza kuuona mwenyewe, mwambie mwenzako akuangalizie. Ukiwa na kidonda, sema kikiwa kidogo, hata ukiwa wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Na wewe mdogo, ukimwona mkubwa wako hakanyagi vizuri, muulize, kwa adabu lakini uulize.

Hadithi yangu imekanyaga mwisho hapo, haina pa kwenda tena. Haya, wenye soksi, vueni tuone.